Njia ndani ya nta

Kalemie, juma ine, mwezi wa tano 1981

Haikuwa fizi zake. Miezi tatu nilimuambia Mama Feza kama fizi zake njo mbaya, na meno ya bandia ya juu niliyomutengenezea atayazoea. Yeye anauzisha mikeke, samaki ya ziwa, lakini hakuweza kuitafuna.

Leo nilimuambia aume karatasi ya kaboni ya ofisi. Ikaacha alama mbili tu za buluu. Kinywa chote kilikuwa kinasimama juu ya meno mawili. Nilipata haya, maana meno ya watu wote ninayachonga kufatana na kinywa changu mwenyewe.

Nikapaka nta laini juu ya meno yale ya bandia. "Tafuna, Mama, kama vile unakula." Alipoyatoa, meno yake ya chini yalikuwa yamechora njia ndogo-ndogo ndani ya nta, zinapinda kwa upande. Miaka yote hii, sikujua kama taya inatembea vile. Kisha nikayachonga yale ya juu upya, nikifata njia zake.

Akatafuna karanga, nikasikia zinavunjika.

"Sasa Papa, nani alipashwa kuzoea?"

"Mimi, Mama. Unisamehe."

Akanisukumia karanga zilizobaki.

Lakini wale wengine niliowaambia watazoea...