Kovu Nyuma ya Sikio

Baba, mwaka umetimia tangu ulipotuacha, na kiti chako cha kunyolea bado kipo sebuleni, kimeelekea dirishani ulivyopenda.

Miaka arobaini ulishika vichwa vya watu. Kabla mashine haijagusa nywele, uliweka kiganja utosini mwa mteja, ukatulia kidogo. Ulisema unakipigia kichwa hodi. Wateja walicheka, na walirudi.

Kisha maradhi ya kusahau yakakuingia. Daktari alituonyesha picha ya ubongo wako na sehemu zilizokufa. Jina la Mama lilipotea kwanza, yetu yakafuata. Siku moja ulimuuliza Mama, kwa adabu zote, kama mumewe anajua aliko. Alikujibu kwamba anajua, akaenda jikoni kulia. Tukaficha mikasi na mashine. Tukasema, Mungu atusamehe, kwamba Baba alishaondoka, umebaki mwili tu.

Asubuhi moja Bwana Mkubwa, kifungua mimba wako, alipiga magoti akufunge viatu. Kiganja chako kikashuka utosini mwake, kikatulia. Vidole vikaenda nyuma ya sikio la kushoto, vikakuta lile kovu alilolipata akiwa na miaka mitano, alipoanguka kwenye ngazi. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa wote. Ukainama, ukamnong'oneza:

"Pole, mwanangu. Mashine iliniteleza. Mama yako asijue."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chako cha chai. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi, ila yako ilikwenda miaka thelathini na miwili.

Tulicheka mpaka tukalia. Bwana Mkubwa hakucheka. Alibaki ameinamisha kichwa, hataki kiganja kiondoke. Tulistaajabu, Baba, na bado tunastaajabu. Jina lake ulikuwa hulijui tena, lakini siri yenu ulikuwa umeitunza. Tulimuuliza daktari ilikuwa imekaa wapi kwenye ile picha. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema hajui.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi tulipanga foleni kwako, mmoja mmoja, tupigiwe hodi. Mama alitangulia.

Unakumbukwa na mkeo, anayesema ya mashine ameshakusamehe, ya ngazi bado. Wanao, kwa majina uliyotubandika, Bwana Mkubwa, Kipilipili na Kichwa Maji. Wakwe zako, wajukuu, na wateja ambao hawajapata kinyozi mwingine wa kuwaridhisha.

Tutakukumbuka daima. Na siku akili zetu nazo zikisahau, vichwa vyetu bado vitakijua kiganja chako.