Kijiko cha Mawese kwa Mama Kapinga

Dilala, Kolwezi
12 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Shekina,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Je, hujambo huko Kinshasa? Kazi ya maabara inaendeleaje? Natumaini joto halikusumbui. Mimi mzima, na redio bado inanituma huku na huku. Mvua hainyamazi, barabara ya kwenda mgodi wa Mashamba ni tope tupu.

Mama yako Kapinga, mama yangu mdogo, anaumwa. Nalisema mapema ili usilitafute katikati ya mistari. Ni malaria, na imerudi baada ya dawa.

Mara ya kwanza alimeza vidonge vyote vya manjano alivyopewa na kituo cha afya. Homa ilishuka, tukashukuru, kisha ikapanda tena. Sikujua wakati ule kwamba alikuwa amefunga. Tangu ukuta wa shimo ulipoporomoka karibu na pale kaka yako Ntambwe anapoosha madini mtoni, kikundi cha sala cha mama kinamwombea kijana. Mama aliahidi kutogusa mafuta wala nyama hadi Pasaka, na mchana hali kitu. Vidonge alivimeza kwa maji matupu.

Kituo kikampa dawa ileile tena. Ntambwe akaitilia shaka. Unajua kazi yake: unga wa mawe anautia majini, anatikisa, anatazama kinachozama. Akafanya hivyo kwa kidonge, ndani ya glasi, mbele ya mama. Kikavunjika, unga wa manjano ukakaa chini, maji juu yakabaki safi.

"Angalia, mama," akasema. "Dawa ya kweli inayeyuka. Hii iko chokaa tu."

Mama akavikataa vidonge. Hakuna aliyeweza kumlazimisha, na homa ilikuwa juu.

Hapo nikakumbuka barua yako ya Krismasi. Uliandika kwamba kuna dawa nzuri zisizopenda maji, na kwamba ninyi mnazichanganya na utomvu wa miti na mafuta ya mimea ili ziyeyuke na mwili uzipokee. Nikaenda kwa Mama Ernestine, muuguzi wa kituo, nikamweleza habari ya glasi.

"Glasi haiko tumbo, Tata Muamba," akanijibu. "Mama alimezaka na nini?"

"Na maji."

"Njo ile. Hii dawa inapenda mafuta. Mumupe bukari ya unga na majani ya sombe yenye mawese, kiisha ameze."

Akaniambia pia kwamba akitapika vidonge, au akianza kuchanganyikiwa, tusingoje, tumpeleke hospitali kwa sindano.

Nilimweleza Ntambwe hayo yote. Kisha akapasha sombe mwenyewe, akamimina mawese, akaketi kando ya kitanda na kijiko mkononi.

"Mama, unafunga juu yangu. Mi njo nakuomba kula."

Mama akapokea kijiko. "Nitakula," akasema. "Lakini siku zenye kubakia, utafunga we."

Akala, akameza. Leo asubuhi homa imepungua, lakini mara ya kwanza pia ilipungua, kwa hiyo sikuandikii kwamba amepona. Niambie wewe mwenye ujuzi: mafuta ya chungu chetu yanatosha? Na dozi ya kwanza iliyopotea imetudhuru kiasi gani? Nipigie mara mwenzangu wa redioni Omer atakapokukabidhi barua hii. Yeye anapanda ndege kesho.

Mke wangu Joyeuse anakusalimu, na jirani yetu Tata Tshimanga anauliza lini utakuja. Wasalimie wenzako wa maabara. Mungu aikamilishe kazi ya mikono yenu, maana sasa najua inamhusu nani.

Ntambwe amekwenda mtoni leo bila kula kitu. Sasa mama hamuulizi muuguzi habari za homa yake. Anauliza kama mvua imekatika huko shimoni.

Kaka yako akupendaye na anayengoja simu yako,
Muamba