Leo Baba Njeri Amenipisha

Jumamosi, Mei

Na bado mume wangu anasema hakuogopa. Usukani wake nimeushika mwenyewe, umelowa jasho!

Mwezi ujao tunaenda Uskoti kwa mahafali ya binti yetu Njeri, na baba yake ameng'ang'ania tukodi gari lenye vitanda na jiko, tuzunguke nalo. Huko wanaendesha kushoto kama nyumbani Kenya, hilo halinisumbui. Ninachoogopa ni zile barabara nyembamba za milimani, ambapo mkikutana lazima mmoja aingie kando ampishe mwenzake. Huyu mtu hajawahi kumpisha yeyote, hata mlangoni.

Basi leo tumefanya mazoezi kwenye pakingi ya kanisa letu hapa Champlin, Marekani. Yeye kwenye gari kubwa la kuazima, mimi kwenye kigari changu cha kwenda kazini, nikimjia uso kwa uso. Nikajiambia, huyu ataniponda.

Akapunguza mwendo. Akaingia kando, akasimama, akaniwashia taa. Nilipomfikia akateremsha kioo: "Pita, Mama Njeri. Pole pole."

Miaka ishirini na sita ya ndoa, ndiyo leo.

Nikamwambia amekosea, turudie. Hakuwa amekosea. Nilitaka tu anipishe tena.