Kibla ya Vilima vya Ureno

Mama yangu,

Kukuuliza hujambo siwezi, na kukudanganya kwamba mimi sijambo sitaki. Ninaogopa. Ninaogopa tangu wiki iliyopita, nilipotoka gereji kule Ghala na kushindwa kuijua njia ya kurudi nyumbani. Njia ile ile, Mama, ya Ghala kuja Bawshar, hapa hapa Muscat, ambayo gari lenyewe ningeliachia lingejifikisha. Nilifika kwenye mzunguko wa barabara, nikazunguka, nikazunguka tena, na kila barabara iliyotoka pale ilikuwa ngeni kwangu. Nikaingia kituo cha mafuta, nikazima gari, nikakaa na mikono yangu juu ya usukani. Baadaye milima ikarudi mahali pake, maduka yakawa tena maduka ninayoyajua, nikaenda zangu nyumbani na kupika wali kana kwamba hakuna kitu. Sikumwambia mtu.

Nakwambia wewe, kwa sababu wewe uliwahi kusimama pale niliposimama mimi. Tangu siku ile usingizini na nikiwa macho nakuona wewe tu, kwenye vile vilima vya Ureno.

Unaikumbuka safari ile ilivyoanza? Joto la Muscat lilikuwa limetufungia ndani, na watu wote wamekimbilia Salalah kwenye ubaridi. Salma wangu, mjukuu wako, akaja na simu yake kutuonesha vijiji vya Ureno vilivyoko vilimani, na njia za miguu zinazopita kati ya mashamba. "Njia nyepesi, Bibi," akakwambia. "Hata wazee na watoto wanazitembea." Wewe ukamtazama juu ya miwani yako. "Yaani tupande ndege kwenda kutembea kwa miguu? Na hapa Bawshar hata dukani kwa jirani nnatiwa garini!" Tukacheka mpaka ukatoa machozi. Halafu ukasema, "Haya, twendeni. Wareno walikuja kwetu Muscat, wakaja na Unguja, na hakuna aliyewaalika. Na sisi tukawatembelee."

Ukaenda na abaya yako na raba nyeupe alizokununulia Salma, ukizitazama kila saa kama zitakukimbia. Njia zenyewe zilikuwa nyepesi kweli. Nyingi zilifuata mfereji mdogo wa maji uliochongwa ubavuni mwa kilima, wala hupandi wala hushuki. Ulipouona mfereji ule ulifurahi, ukainama kutia mkono majini. "Hii falaji hii, kama mifereji yetu ya Oman," ukasema. "Wameiba kwetu hawa." Kwenye mawe kulikuwa na alama za rangi, mstari wa njano na mstari mwekundu, kila baada ya hatua kidogo, ili mgeni ajue kwamba bado yumo njiani. Ukawa unazisalimia moja moja. Ukaiona miti inayobanduliwa gome kutengenezea vizibo, imebaki myekundu kutoka chini mpaka kiunoni, ukasikitika. "Masikini, wamewavua nguo." Na yule bibi wa kijijini mwenye nguo nyeusi na kitambaa kichwani, aliyekuwa akichuma machungwa, mlisalimiana kila siku, yeye kwa Kireno na wewe kwa Kiswahili, na kila mmoja wenu akaridhika kuwa ameeleweka.

Kitu nilichokuwa nakupendea, na kikinikera pia, ni mambo yako ya kibla. Ukiingia nyumba yoyote, kabla hujavua baibui, unauliza kibla kiko wapi, na ukishajua basi nyumba nzima unaipima kwa hicho. Jikoni upande wa kibla, choo nyuma ya kibla, nitilie chai uniwekee hapo kiblani. Kibla cha Unguja, ulikozaliwa na kukulia, kiko kaskazini. Cha hapa Muscat kiko linapotua jua. Na kule Ureno Salma akatutafutia kwenye simu, tukakuta kiko linapochomoza. Siku ya kwanza tulisali alasiri nyuma ya kanisa dogo jeupe, kwenye majani, sisi watatu safu moja na wewe katikati. Ulipotoa salamu ukanigeukia. "Ajabu," ukasema. "Hapa alasiri jua linatupiga mgongoni. Nyumbani linatupiga usoni." Uso wako ulikuwa mwekundu kwa kutembea, na mimi nikajiambia kwamba mama yangu atafika miaka mia.

Siku ya mwisho ndiyo siku ile. Tulifika tena kwenye lile kanisa, ukatandika mswala wako, na ukauelekeza kaskazini, kwenye bonde. Salma akadhani umesahau. "Bibi, kibla huku."

"Ondoa lisimu lako hilo," ukamwambia. "Kibla nkifundishwe na simu? Kibla kile kule, upande wa kisima chetu."

"Kisima gani, Mama?" nikakuuliza.

"Cha shamba. Hukijui kisima cha shamba weye?"

Mimi nikacheka, nikijua unatutania. Tukasali, sisi mashariki na wewe kaskazini, na tulipokuwa ndani ya sala ukungu ukapanda kutoka bondeni. Nilipotoa salamu mswala wako ulikuwa pale, na raba zako zilikuwa pale, na wewe hukuwepo.

Mama, hofu niliyoipata pale sijawahi kukusimulia. Nilikuita mpaka sauti ikakauka. Zile alama za njano na nyekundu hazikuonekana tena, na Salma alikuwa akilia huku akikimbia, nami namkemea asikimbie na mwenyewe nakimbia. Njia nyepesi ya wazee na watoto, nami sikuona nchi inakoanzia wala inakoishia. Nilikisikia kile kimfereji tu kikipita kama kawaida yake.

Tukakukuta chini kidogo, penye ukuta wa mawe. Yule bibi wa machungwa alikuwa amekushika kiwiko, amekuvika shali lake mabegani. Miguu yako mitupu ilikuwa imelowa. Ulinitazama kwanza kama unayenitafuta mahali fulani, halafu ukanipata. Ukanyoosha mkono. "N'shike mkono, mwanangu," ukasema. "Nna khofu."

Hukuwahi kuniambia neno hilo maisha yako yote. Wewe uliyevuka bahari kutoka Unguja na watoto na kitita cha nguo, hukuwahi. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshindwa kulibeba, nikakujibu haraka haraka, "Khofu ya nini, Mama? Njia nyepesi hii." Nikakufuta miguu kwa mtandio wangu. Hukulisema tena mpaka unakufa.

Yaliyofuata unayajua, au labda huyajui, kwa sababu yalikuchukua kidogo kidogo. Ukawa unaniita kwa jina la dada yako. Ukawa unauliza gari la shamba linakuja saa ngapi. Chumbani kwako mswala wako ukiuelekeza dirishani, kaskazini, na nikiugeuza unaurudisha. Mwishowe nikauacha, nikasema Mwenyezi Mungu anajua umesimama mbele ya nani. Daktari alitueleza kwa jina la kitaalamu, mimi nikaelewa kitu kimoja tu, kwamba ulikuwa unarudi kwenu Unguja, na njia ya kurudi ilikuwa haina nafasi ya mimi kukusindikiza.

Ndiyo maana wiki hii nimekuwa nikijipima. Mimi nilizaliwa hapa hapa Muscat, Mama, sina kisima cha shamba. Kibla nilichofundishwa utotoni ndicho hiki cha leo. Nikajipa moyo kwamba hicho ndicho kipimo changu: maadamu kibla nakijua, mimi mzima, na ya Ghala yalikuwa ni uchovu na joto. Kila sala nikawa natandika mswala kwanza, halafu nachungulia simu kuhakikisha. Sawa. Alasiri, sawa. Magharibi, sawa. Nikawa nafurahi kama mtoto wa shule aliyepata vema, na sala nyingine ikifika nachungulia tena.

Jana alasiri sikuchungulia simu. Nilisali taratibu, moyo umetulia kuliko siku zote za wiki hii, na nilipotoa salamu nikamwona Salma amesimama mlangoni na mkoba wake wa kazini begani. Sijui alikuwa amesimama tangu lini.

"Mama," akasema. "Umeelekea wapi?"

"Kibla, nielekee wapi tena!" nikamjibu kwa ukali.

"Kibla kipo nyuma yako."

Ndipo nikalihisi jua. Lilikuwa linaingia dirishani na kunipiga mgongoni, la moto, la alasiri ya Muscat. Salma akajaribu kucheka. "Hicho kibla cha Ureno hicho," akasema, na kicheko hakikutoka, kwa sababu na yeye alikuwepo, na yeye alikimbia kwenye ule ukungu.

Mama, visingizio vilikuwa tayari mdomoni. Mazulia yamehamishwa. Nimechoka. Nilikuwa nafikiria mambo mengine. Ningevisema vizuri sana, unanijua. Badala yake mkono wangu ukanyooka wenyewe. "N'shike mkono, mwanangu," nikamwambia. "Nna khofu." Na sauti ilikuwa yako, mpaka ile kh yako ya kooni.

Salma akatupa mkoba chini, akaja akakaa nami mswalani, akanishika mikono yote miwili. Hakuniuliza hofu ya nini. "Na mimi pia," akasema.

Nikamweleza ya Ghala, yote, tukalia kidogo, na kesho asubuhi atanipeleka hospitali. Sijui daktari atasema nini. Huenda ikawa si chochote, huenda ikawa ndicho kile kile chako. Naogopa Mama, naogopa kama sijawahi kuogopa. Naogopa siku nitakayomtazama Salma na kumtafuta usoni kwake kama ulivyonitafuta. Kumwambia kumenipunguzia upweke, hofu yenyewe iko pale pale.

Kabla hatujainuka kuugeuza mswala na kuirudia sala, Salma aliniuliza kitu. "Ulipokuwa unasali, Mama, ulikuwa unajiona uko wapi?"

Nikamwambia kweli. Nilikuwa nyuma ya lile kanisa jeupe, kwenye majani. Na wewe ulikuwa kando yangu, umeelekea tunakoelekea sisi, na ukungu ulikuwa bado haujapanda.

Lala salama, Mama. Kesho niombee, na mkono wako usiuondoe mbali.

Mimi, kitindamimba wako mkaidi.