Kisu Kwenye Sufu ya Mama

Dada yangu mpendwa Kalipa,

Salamu nyingi zikufikie huko Osh, wewe na shemeji na wajukuu wote, bila kumsahau yule paka wenu anayeogopa panya. Magoti yako yanaendeleaje? Yale mafuta ya mbuzi niliyokutumia uyapashe moto kwanza kabla ya kujipaka, usiyapake yakiwa yameganda halafu ukaniambia kwamba hayafai. Sisi huku tu wazima. Ng'ombe ni wazima, theluji imefika kwenye kingo za madirisha, na mzee wangu Kubat anakohoa kama trekta bovu lakini bado anatoka kwenda zizini kifua wazi, eti yeye ni mtu wa Naryn, baridi haimwezi.

Kabla sijaenda mbali, nina tangazo. Napenda kuujulisha ukoo wetu wote, wa karibu na wa mbali, walio hai na waliotangulia, kwamba tangu mwanzoni mwa Januari birika la chai la nyumba hii linavaa sweta. Ni sweta kamili, dada, lenye shingo na vifungo viwili, na tundu la kutolea mdomo. Mimi mwenyewe sweta langu limetoboka viwiko.

Mfumaji, bila shaka unamjua, ni mkwe wangu Begaiym. Najua kwamba jina hilo sasa hivi linakupandisha shinikizo la damu. Vumilia, tutafika huko. Nakuandikia barua badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu wewe huongea nami huitikia. Mara ya mwisho uliongea mpaka chai yangu ikapoa, nami sikusema lolote ila "ndiyo, dada." Karatasi haikatizwi, na leo nina jambo linalotaka nisikatizwe.

Basi sikiliza niliyoyapata baridi hii. Mtoto huyu alisoma mahali fulani kwenye simu yake kwamba kuna nchi ambako watu huipenda baridi. Huwasha mishumaa mchana, wakakaa dirishani na kikombe, wakafurahi. Nikamwambia, mwanangu, baridi haipendwi, huvumiliwa, kama mawifi. Akacheka, akasema, "Mama, tujaribu mwaka huu mmoja tu." Nikajaribu. Akatundika maganda ya machungwa kwenye uzi, dirisha zima, nikawa nikitaka kuangalia kama ng'ombe wamerudi naona maganda. Akaokota matunda makavu ya msonobari akayapaka rangi nyeupe, Kubat akayatia motoni akidhani ni kuni. Akaoka biskuti za nyota, na za mwezi, na za kitu ambacho nilisema ni mbwa, kumbe ni kulungu.

Hayo yote niliyameza. Lakini siku moja aligusa borsoki, maandazi yetu ya jadi. Dada, borsoki ni mraba tangu dunia iumbwe! Bibi yetu aliikata mraba, mama aliikata mraba, hata mimi nisiyejua kitu naikata mraba. Yeye akaikata umbo la sungura. Sungura wakaanza kuvimba ndani ya mafuta, mmoja sikio hapa, mwingine mguu kule, nami nimesimama na kijiko sijui nimgeuze yupi. Mwanangu Temirbek akala kumi na wanne, akaniuliza kwa nini miaka yote nilikuwa nampa maandazi yasiyo na sura. Nilimzaa mwenyewe, huyo.

Lakini niseme ukweli, maana barua hii nimeianza kwa ajili ya ukweli ingawa naona nazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia: nyumba ilipendeza. Wanawake wa jirani walianza kuja kila alasiri, kila mtu na sindano yake. Hata Bibi Zuurakan, shangazi yake Kubat, ambaye tangu mumewe afariki alikuwa hatoki nje ila kwa kuwafokea watoto, alikuja na kuketi karibu na jiko, akafundisha kushona ukingo, akala biskuti za kulungu na kuuliza kama zimebaki. Chai ilikuwa inakwisha kabla sijakaa. Na unajua walikuwa wanamsifu nani? Si mwenye nyumba. "Begaiym, mwanangu, una mkono mwepesi." "Begaiym, nionyeshe tena." Mimi sikuvishwa hata kilemba cha ukoka. Siku niliyomaliza soksi yangu, Zuurakan aliiinua juu, akaigeuza, akauliza, "Sabira, hii ni ya mguu au ya kiwiko?" Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nami nikacheka. Ningefanyaje?

Sasa tuje kwenye sufu ya mama.

Unakumbuka vuli yake ile ya mwisho, tulipoishindilia sisi wote, wewe, mimi, Zuurakan na mama mwenyewe, tukiviringisha na kupiga kwa mateke mpaka sufu ikashikana ikawa kitambaa kizito na nyayo zikawaka moto. Vipande viwili, kimoja cheupe na kimoja cha kahawia, na mama akachora juu ya kile cha kahawia zile pembe za kondoo dume kwa chaki, mkono ukitetemeka lakini mstari hautetemeki. Akasema atakata theluji ikiyeyuka. Haikuyeyuka akiwa hai. Tukakubaliana ikae kwenye sanduku langu mpaka wewe uje uikate, kwa sababu wewe ndiye uliyerithi mkono wake. Tabaka mbili, kisu kimoja, pembe nyeupe zikae kwenye kahawia na za kahawia zikae kwenye nyeupe, tupate mazulia mawili pacha, moja lako na moja langu.

Unavyojua wewe, kwa simu aliyokupigia Zuurakan, ni kwamba aliingia kwangu akakuta sufu hiyo imekuwa sapatu za kuvaa ndani, vikalio vya viti na kifuniko cha sufuria. Ni kweli. Alimwona Temirbek anapita sebuleni na sapatu mpya, moja ya kahawia, moja nyeupe, akaitambua sufu hata kabla hajavua shali. Akapiga kelele mbele ya wanawake wote: "Nani ametia kisu kwenye sufu ya marehemu?" Na unajua kwamba Begaiym aliinamisha kichwa bila kujibu, na kwamba mimi nilisema vijana wa siku hizi hawajui thamani ya kitu. Ukanipigia. Ukasema mtoto asiye na adabu, ukasema utakuja sikukuu ya Nooruz na utazungumza na mama yake aeleze alimlea vipi. Nikasema ndiyo, dada.

Siku mbili baada ya hapo Begaiym alimwomba mumewe ampeleke kwao At-Bashy, akapumzike. Leo ni siku ya kumi na moja. Temirbek anarudi kutoka kazini, anakula, analala. Alipomuuliza mkewe, aliambiwa tu, "Acha yaishe." Wanawake hawaji tena. Zuurakan amerudi kwake kufokea watoto. Na kijiji kizima, dada, kuanzia kisimani hadi dukani, kinasema mkwe wa Sabira amekata urithi wa watu akafanyia viatu. Maneno ya namna hiyo hayayeyuki na theluji. Msichana ana miaka ishirini na tatu, ataitwa hivyo mpaka awe bibi.

Haya. Nimekunywa chai vikombe vitatu na kalamu bado ina wino. Sina pa kukimbilia.

Siyo yeye aliyekata. Ni mimi.

Ilikuwa siku moja baada ya mambo ya ile soksi. Zuurakan, akiwa anavaa viatu mlangoni, aliniambia kwa upole kabisa, si kwa kunitania: "Sabira, huyu mtoto ana mkono wa marehemu mama yako. Kalipa ana magoti mabovu, hatakuja huku na baridi zetu. Mpe mtoto akate ile sufu." Nikasema tutaona. Usiku sikulala vizuri. Kwanza ulikuwa wewe, sasa ni binti wa At-Bashy. Nina miaka hamsini na minne, niliteka maji ya kuloweka sufu ile, nilipiga mateke hadi kucha ikang'oka, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kufikiri kwamba kisu kingeweza kushikwa na mimi. Mama mwenyewe aliniambia nishike upande wa pili nivute.

Asubuhi wanaume walikwenda kuleta nyasi kavu za ng'ombe, Begaiym akaenda dukani kununua unga. Nikafunga mlango, nikatoa sufu, nikaitandika. Nyeupe chini, ya kahawia juu, chaki ya mama bado inaonekana kama ya jana. Nikakinoa kile kisu cha Kubat. Ungeniona hapo, ungesema huyu anajua kazi.

Na wewe hapo ulipo umeshajua nilikosea wapi. Sikupiga bandi. Kila mtoto wa kike huku anajua kwamba tabaka mbili hushonwa kwanza kwa nyuzi ndefu zisitembee, ndipo kisu kishuke. Nilijua. Lakini kupiga bandi ni asubuhi nzima, na duka si mbali, na nilitaka akirudi akute zimekatwa tayari. Nikakata. Juu pembe zilitoka nzuri, dada, naapa, zilitoka nzuri sana, nikaanza hata kuimba. Nilipoinua, chini sufu nyeupe ilikuwa imeteleza vidole viwili, pembe zote zimepinda kama zimelewa. Hakuna hata moja iliyoingia kwenye tundu la mwenzake. Nikajaribu kuzipunguza upande. Nikapunguza upande wa pili zilingane. Unajua inavyokuwa. Nilipopata akili, sufu ya mama ilikuwa vipande vipande, na mstari wake wa chaki ulikuwa umefutika chini ya viganja vyangu.

Begaiym alinikuta nimekaa sakafuni katikati ya vipande nalia kwa sauti, mtu mzima. Alichukua kisu mkononi mwangu, akasema, "Mama, inuka hapo, sakafu ina baridi," akanimiminia chai. Kisha akaanza kuokota, kipande kikubwa huku, kidogo kule. Akasema kitu cha bibi hakitupwi, tutafanya kila mtu wa nyumba hii akanyage juu yake na apate joto. Wiki nzima alishona usiku, wageni wakishaondoka. Sapatu zangu ndizo zilizokuwa za kwanza. Nilimwambia asimwambie mtu, nitakueleza wewe mwenyewe kwa wakati wangu. Akasema sawa, mama.

Na Zuurakan alipopiga kelele ile, nilikuwa na muda. Nataka ulijue hilo. Watu husema ilitokea ghafla, ulimi uliteleza. Haukuteleza. Wanawake wote walinitazama mimi, nami badala ya kufungua mdomo nikageuza macho nikamtazama yeye. Nilimtazama tu. Wote wakafuata macho yangu. Yeye ni mkwe, dada, na mkwe hamkanushi mama mkwe mbele ya wazee. Tulimfundisha hivyo, nami nilijua kwamba amefundishika. Akainamisha kichwa. Ndipo nikasema yale ya vijana wa siku hizi.

Jana nilimwambia Kubat. Aliweka bakuli chini, akasema, "Kwa hiyo mtoto wa watu amekaa kwao siku zote hizi kwa sababu wewe mvivu wa kupiga bandi?" Nikasema si kwa sababu hiyo. Akasema, "Najua si kwa sababu hiyo," akatoka kwenda zizini, na safari hii alifunga vifungo vya koti. Temirbek naye nimemwambia. Usiku huohuo alisafisha gari.

Kesho asubuhi, gari likikubali kuwaka, tunakwenda At-Bashy. Najua ni aibu, mama mkwe kwenda kubisha mlango wa mkwe. Namchukua na Zuurakan, nimemwekea kiti cha mbele. Hajui tunakwenda kufanya nini. Akisikia yeye, wilaya nzima imesikia, na mimi sitalazimika kupita nyumba kwa nyumba. Nitasema mbele ya mama yake Begaiym na baba yake, kabla ya chai, maana baada ya chai nitapata maneno mazuri na yataniharibia.

Sijui kama atarudi. Ningekuwa mimi, nisingerudi.

Kwako sina cha kuomba kuhusu sufu. Zulia lako nimelikata na halitashoneka, na mkono wa mama ulikuwa pale kwa mara ya mwisho. Hasira yako yote niletee mimi, njoo nayo Nooruz, nitakupikia na utanisema ukiwa umeshiba. Ila moja tu nakusihi: simu ya kwa mama yake usiipige. Barua hii naikabidhi leo kwa dereva wa basi la Osh; ukiipata, ninyamazie siku mbili, mpaka niwe nimeyasema kwa mdomo wangu.

Wabusu wajukuu mashavu yote mawili, mpe shemeji heshima zangu, na usiache soksi za sufu hata ukiwa ndani.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado anakuogopa,

Sabira