Flashi Isiyo na Jina

Jumatatu, 7 Julai 2025

Daktari aliongea na Magreth koridoni, akidhani sisikii. Moyo umepanuka. Maji yameanza kuingia mapafuni. "Mpe anachopenda kula," alimwambia. Binti yangu akarudi na tabasamu, akasema tutatumia dawa mpya. Nikamwitikia.

Nina miaka themanini na moja. Hofu yangu si kufa. Nahofia kufa na hili jambo ndani.

Mtu wa kulisikia ni mmoja: Bernadetha, mjane wa Shimba. Anaishi nje kidogo ya Mikumi. Barua haifai, hajui kusoma. Atampa mtu amsomee, na huyo mtu atajua kabla yake. Lakini redio anayo. Nilimwona mwaka juzi stendi ya Mikumi, anauza maziwa ya mgando, redio ndogo nyekundu inaning'inia begani, flashi imechomekwa ubavuni, kwaya inaimba. Yeye hakuniona. Nilijibanza nyuma ya basi mpaka dereva alipopiga honi. Mzee mzima, na fimbo yangu!

Basi iwe sauti. Nitajirekodi kwenye simu ya zamani ya Magreth. Sauti iingie kwenye flashi, flashi kwenye bahasha, bahasha afikishiwe nikishazikwa. Nikishazikwa — siyo kabla.

Nimejaribu leo. Simu imegoma: nafasi imejaa. Inataka memori kadi.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda dukani kwa Evance, hapa hapa Magomeni. Hatua mia mbili. Nimepumzika mara nne.

Evance nilimfundisha darasa la sita. Sasa ana mvi kidevuni, anatengeneza simu na kujazia watu nyimbo na mahubiri. Alinipa kiti chake mwenyewe. Shikamoo Mwalimu, marahaba. Kisha akanimwagia kadi mezani kama mtu anayechambua mchele.

Akanifundisha, nami nikawa mwanafunzi. Nisidanganywe na namba iliyoandikwa juu. Kuna kadi imeandikwa sitini na nne, ndani hata nne haifiki. Kiwandani wamebandika maandishi tu. Ukiijaza inapokea kila kitu kwa adabu, halafu ukirudi kutafuta, hakuna. Na redio hizi ndogo hazisomi kadi kubwa. Gigabaiti nane halisi inatosha.

"Kwani Mwalimu unataka kuweka nini?" akauliza. "Taarabu?"

Mteja mmoja alicheka. Nikasema nitarudi. Angeniuliza tena, ningesema nini? Na bei ya kadi yake halisi ilizidi nilichokuwa nacho. Pensheni inapokelewa na Magreth, na Magreth ningemwambia ni ya nini?

Jumatano, 9 Julai

Nimenunua kwa Bonifas, anayepita na sanduku la kioo kifuani. Huyu haulizi. Kadi imeandikwa 64, bei karibu nusu ya ile ya Evance, na imeshajazwa nyimbo za kwaya bure. Najua alichonieleza Evance. Nilikisikia vizuri. Nimechagua muuzaji asiyeuliza.

Magreth alikwenda sokoni saa nne. Nikafunga dirisha, nikaongea dakika arobaini. Nilianza na jina langu kamili, Lupakisyo Mwakalobo, ili asiwe na shaka ni nani. Kisha nikasema yote. Niyaandike na hapa, mara moja, mkono ukingali unashika.

Mwaka 2002 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya kijiji, na katibu wa mikutano ya kijiji. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba kwenye orodha ya mahudhurio, na katibu alitakiwa kuandika jina pembeni pale pale. Mimi nilikuwa na njia yangu. Niliacha watu waweke dole haraka haraka, majina nikayaandika nyumbani nikiwa nimetulia, kwa mwandiko mzuri. Nilikuwa na kumbukumbu nzuri. Nilijivunia hilo.

Mkutano ule ulianza alasiri, ukaisha giza linaingia. Shimba alikaa mstari wa pili tangu mwanzo mpaka mwisho. Alisema mara moja tu, juu ya njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Tulipotoka tukaambiwa ghala la mahindi ng'ambo ya mto limeungua, na mlinzi amefia ndani. Kesho yake kijiji kizima kikasema: wafugaji. Kufika mchana, kikasema: Shimba.

Afisa mpelelezi akaja shuleni kutaka orodha. Nilikuwa sijaandika majina ya madole yote. Namba arobaini na tatu ilikuwa dole tupu. Akaniuliza, hili la nani?

Lilikuwa la Shimba. Nilikumbuka hata kwamba wino ulimchafua mkono wa shati.

Nikasema, sikumbuki.

Kwanza niliogopa kuonekana katibu mzembe. Ni hilo tu, la kipuuzi kiasi hicho. Kisha nikakumbuka mpunga wangu ulioliwa na ng'ombe mwezi uliotangulia, wala sikujua kama ni ng'ombe wake. Nikaona si kazi yangu kumtetea. Afisa akaandika: Shimba hayumo kwenye orodha. Watu zaidi ya sitini walikuwa pale. Hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu Mwalimu alikuwa hajaufungua.

Shimba alifungwa, akafia gerezani mwaka wa tano. Karatasi ilirudishwa shuleni. Niliichukua nilipostaafu. Ipo chini ya nguo zangu.

Nimechoka.

Ijumaa, 11 Julai

Redio haisomi sauti iliyorekodiwa na simu. Lazima ibadilishwe kwenye kompyuta. Yaani lazima nirudi kwa Evance.

Alipoichomoa kadi alinitazama. "Mwalimu, umenunua kwa nani hii?" Akatikisa kichwa, akaiingiza. Kompyuta ikasuasua, ikakwama, ikaendelea. "Imekubali," akasema, "lakini isikilize yote kabla hujampa mtu. Kadi za namna hii siziamini."

Akaniuliza ni nini. Nikasema maneno ya dini. Akauliza faili alipe jina gani. Nikasema aliache.

Akacheka sana. "Mwalimu! Wewe uliyekuwa ukitutandika kwa kusahau jina kwenye karatasi ya mtihani?"

Walicheka wote pale. Nami nikacheka, na moyo unanigonga mpaka masikioni.

Amenipa sauti yangu kwenye flashi ya gigabaiti nane, halisi, nyeusi, ndogo kama punje ya hindi. Akakataa pesa yote, akachukua nusu. Nimeiweka pamoja na karatasi.

Sijaisikiliza. Nitaisikilizia wapi? Nyumba hii ina ukuta mwembamba na binti anayenipenda.

Jumapili, 13 Julai

Magreth alikwenda kanisani. Nilikuwa na saa tatu peke yangu. Simu ilikuwa mezani, kadi ndani yake. Ningeweza kusikiliza.

Nilikaa nikiitazama. Sikuthubutu kuigusa.

Miguu imevimba. Kiatu cha kulia hakiingii.

Jumanne, 15 Julai

Evance amekuja nyumbani. Tangu nimfahamu hajawahi kuja bila kuitwa. Magreth akamwekea kiti uani, akarudi jikoni. Nikajua kabla hajasema.

Alianza mbali. Ana shemeji yake, Anitha, anauza flashi Mikumi. Kila Jumamosi Anitha huja kuchukua mahubiri mapya, hunakili folda nzima. Ijumaa, yeye Evance alipobadilisha sauti yangu, ilibaki kwenye kompyuta. Kwa kuwa nilimwambia ni maneno ya dini, na haikuwa na jina, aliitupia kwenye folda ya mahubiri ili isipotee. Anitha akaondoka nayo.

"Sikuisikiliza, Mwalimu. Naapa. Mpaka jana."

Jana amepigiwa simu kutoka Mikumi. Namba ya duka imebandikwa kwenye kila flashi. Aliyepiga anaitwa Jilala. Alisema mama yake amenunua flashi ya mahubiri kwa Anitha, na katikati ya mahubiri ametokea mzee anamtaja baba yake.

Nikamwuliza, wamesikia yote?

"Hapo ndipo penye tatizo," Evance akasema. "Inakata."

Akachomeka flashi kwenye simu yake, akaniwekea sikioni. Sauti yangu. Najitambulisha. Mkutano. Mstari wa pili. Shimba hakutoka mpaka mwisho, mimi ni shahidi. Dole lake lipo, namba arobaini na tatu, karatasi ninayo mimi. Na nataka mjue kwamba afisa alipokuja —

Basi. Dakika ya kumi na tisa. Baada ya hapo ni mchakacho, halafu kwaya.

Kadi ilikuwa imejaa nyimbo za bure za Bonifas. Evance anasema sauti yangu ilipata kinafasi kilichobakia, iliyozidi imemwagika. Amejaribu kuirudisha tangu asubuhi. Haipo popote.

"Lakini Mwalimu, mbona wamefurahi," akasema. "Huyo Jilala alikuwa analia. Anasema amepatikana mtu wa kumsafisha baba yao. Akaniomba nimwelekeze kwako, nikamwelekeza. Nimekosea?"

Nikamwambia hajakosea. Mwanafunzi wangu, naye hajui. Amesikia dakika kumi na tisa kama wao.

Jumatano, 16 Julai

Nimejaribu kurekodi tena, nusu ile iliyopotea tu. Evance ameniazima kadi nzuri.

Nimefika "Afisa akaniuliza", pumzi ikakatika. Nikaanza upya. Ikakatika pale pale. Mara ya tatu kikohozi kimemleta Magreth mbio. Akaniona na simu mkononi.

"Baba, unaongea na nani?"

Nikasema namba imekosewa.

Miaka themanini na moja, na bado ulimi unapata uongo haraka kuliko unavyopata pumzi.

Alhamisi, 17 Julai

Wapo uani.

Wamefika saa nne, Bernadetha na Jilala. Magreth aliniita, "Baba, una wageni wa Mikumi," kwa sauti ya furaha, kwa maana siku hizi hatupati wageni. Nilitoka nikishika ukuta.

Bernadetha amezeeka. Alipiga magoti mbele yangu, chini kabisa, mavumbini. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia marahaba. Nilishindwa hata kumwambia ainuke. Ni Magreth aliyemwinua.

Wameleta galoni ya maziwa ya mgando na jogoo. Jilala ana uso wa baba yake, hata namna ya kuinamisha kichwa anaposikiliza. Alikuwa na miaka tisa wakati ule.

Mama yake ndiye aliyeongea. Wanawe wamekua wakiitwa watoto wa mchoma ghala. Binti yake mmoja, Agness, alirudishiwa posa kwa sababu hiyo. Walihama mara mbili, jina likawafuata. Aliposikia sauti yangu kwenye redio alikuwa anakamua, akaangusha kibuyu. "Nikasema kumbe Mungu amemtunza mtu mmoja."

Jilala akasema wamekwishaongea na wakili. Karatasi yenye dole inaweza kulinganishwa na alama za gerezani. Baba hatarudi, lakini jina litarudi. Kinachohitajika ni karatasi, na mtu wa kueleza kwa nini dole halina jina.

"Hapo tu ndipo redio inapokata," Bernadetha akasema. "Tumeijaribu kwenye redio tatu. Nikawaambia si neno, mwenyewe yu hai, atamalizia kwa mdomo wake." Akacheka kidogo, akaufunika mdomo kwa khanga. "Jilala anasema labda afisa alikula rushwa akalifuta. Mimi nasema tumngoje Mwalimu."

Nikasema naomba nikalete karatasi.

Nimekaa kitandani nayo. Wino wa dole umekuwa kahawia. Pembeni, pale pa jina, peupe.

Magreth anachemsha chai. Namsikia anawaambia jinsi nilivyo mkali kwa ukweli, jinsi nilivyomchapa kwa kusema uongo juu ya kalamu. Wanacheka naye.

Naweza kumalizia vingine. Nimeliona hilo wazi, na limenitisha kuliko ugonjwa. Afisa aliyechukua maelezo amekwishafariki. Jilala ameshanitengenezea jibu, ni kulipokea tu. Sauti iliyosema kweli ilikuwa kwenye kadi, na kadi imekufa. Dole litamsafisha Shimba vilevile. Mimi nitazikwa na jogoo wao tumboni na heshima yangu, na Magreth hatajua kamwe baba yake ni nani.

Na Bernadetha atakuja msibani. Atalia.

Kalamu hii nayo inanitazama. Ningeweza hata kuandika jina lake sasa, herufi sita, kwa mwandiko ule ule. Mkono haukubali. Na ungekubali, ingekuwa ni kuharibu mara ya pili.

Jilala amewasha redio. Wanamsikilizisha Magreth. Inaanza mwanzo: Mimi, Lupakisyo Mwakalobo, mwalimu mstaafu. Nataja jina langu taratibu, vizuri, kama naita mahudhurio. Magreth ameacha kugonganisha vikombe.

Dakika kumi na tisa mpaka ikate. Kwa kuandika haya nimekwishatumia kama sita.

Karatasi ninayo mkononi. Kalamu naiacha hapa. Ikikata niwe nimefika uani, nimalizie ile nusu iliyopotea. Fimbo iko wapi —