Etaje Si Kosa

Mjukuu wangu Riziki,

Huku ughaibuni, Silver Spring, tuko salama. Shangazi yako amepata kazi ya kutunza wazee, na watoto wake nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza. Barua yako imenitia hasira, wala si kwako. Eti mwalimu wako hapo Dar es Salaam alikata neno "etaje" kwa kalamu nyekundu, akaandika "ghorofa", na darasa zima likacheka Kiswahili chetu cha Lubumbashi! Unaniuliza kama tunasema vibaya.

Nilipokuwa kijana nilibeba saruji kwenye jengo moja kule Lubumbashi. Wahandisi walikuwa wawili, Mjerumani na Mromania, na hawakuelewana hata salamu. Siku moja zege lilianza kuganda huku tukingoja kuambiwa tulipeleke wapi. Mjerumani akapaza sauti, "Etaje!" akaonyesha vidole vitatu. Mromania naye akaitikia, "Etaje!" vidole vitatu. Tukapanda. Neno ni la Wafaransa, lakini kila mmoja alikuwa nalo tangu kwao, na hakuna aliyewacheka. Mimi nilipolitamka, karani wa hapo kazini aliangua kicheko: "Mbeba saruji naye anaongea Kifaransa!"

Kwenye mtihani andika ghorofa, ufaulu. Kisha mwulize mwalimu, kwa heshima, hiyo ghorofa yenyewe tuliipata kwa nani kama si kwa Waarabu. Mimi etaje zile nilizipandisha kwa bega langu. Hakuna wa kunifundisha zinaitwaje.

Babu yako